Nyapara Aliyeajiri Kasoro

Mtu akija kuomba kazi kwa Nyapara wetu akajisifu kuwa ni mpole, mwaminifu na mchapakazi, alipewa chai, akaulizwa habari za nyumbani, kisha akaonyeshwa njia ya kurudi huko huko nyumbani. Nyapara alikuwa akichukua kazi za kutengeneza visima vya injini, kuanzia Garissa mpaka Elwak, na katika miaka yote ya tisini niliyokaa chini yake sikumwona akiajiri mtu bila kwanza kumtafutia kasoro iliyokomaa. Aliyeshindwa kuonyesha kasoro yoyote alimtia wasiwasi.

"Mtu hana fibaya hata moja, mimi naogoba yeye kuliko simba," alikuwa akisema. "Simba iko na fibaya yake, mimi najua. Huyu je? Yeye naficha mpaka lini?"

Niseme mapema jambo lililoninyima raha muda wote huo. Mimi alinichukua siku ile ile ya kwanza, kwa furaha tele, bila kuniambia kasoro yangu ni ipi. Wenzangu watatu kila mmoja aliijua yake na akaitwa kwayo: Mgomvi, Mwoga na Mvivu. Mimi niliitwa Fundi tu. Mwisho nikajipa jibu mwenyewe, kwamba katika timu ya watu wabovu lazima awepo mmoja aliyenyooka wa kuwashikilia wengine. Jibu hilo lilinikaa vizuri kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo changu. Lakini kila nilipomwomba Nyapara alithibitishe, alicheka na kuuliza habari za injini.

Usaili wake ulifanyika kwenye hoteli ya chai karibu na soko la mifugo pale Garissa, na haukuwa na swali hata moja la kazi. Alikuagizia chai, na ulipogeuka kidogo tu, alikutilia kijiko cha chumvi. Kisha alikaa kukutazama, huku akizichana ndevu zake nyekundu za hina kwa vidole.

Yule aliyekuja kuwa dereva wetu alionja mara moja, akamrushia chai yote kifuani, na alikuwa ameshaajiriwa kabla kikombe hakijatua chini. Huyo ndiye Mgomvi. Wa pili aliinywa yote mpaka machicha, akashukuru, huku akiangalia mlango uko upande gani. Huyo ndiye Mwoga. Wa tatu aliona kuinua kikombe ni kazi, akakiacha mezani mpaka chai ikapoa na Nyapara akachoka kungoja. Sina haja ya kusema huyo ni nani.

Mimi nilionja, nikaweka kikombe chini, nikamweleza kwa utulivu kwamba kwetu Voi wapo wazee wanaotia chumvi kwenye chai wakati wa joto, na kwamba chumvi hurudisha nguvu mwilini, ila yeye amezidisha kipimo, kijiko chake ni kikubwa mno kwa kikombe kile, na tena chai yenyewe imechemshwa kupita kiasi. Nyapara alinisikiliza mdomo wazi. Nilipomaliza alisimama, akaenda kwenye meza walipokaa wale watatu, akawaambia jambo kwa Kisomali. Walicheka wote mpaka Mvivu akainuka akakaa wima. Nikajua nimependwa.

Usidhani mambo haya yalikuwa mchezo. Kisima cha injini kikiharibika wakati wa kiangazi, ngamia, ng'ombe na mbuzi wa nchi nzima wanakuwa wamesimama pale wakikutazama wewe. Wenye mifugo nao wanakutazama, na hao hawatazami kwa upole. Nyapara aliamini kwamba hali ya namna hiyo inahitaji watu wabaya waliopangwa vizuri.

Chukua Mgomvi. Katika barabara zile, lori ni mali ya kila anayeliona. Watakusimamisha wenye mitungi, wenye mbuzi, wenye wagonjwa, na wenye hamu tu ya kujua mwendako. Nyapara mwenyewe hakuwa na uwezo wa kumkatalia mtu. Mtu akimwita "adeer", yaani baba mdogo, basi mkono wake ulishaingia mfukoni. Ndiyo sababu usukani alipewa Mgomvi, aliyemchukua mgonjwa na mama mjamzito huku akiwatukania barabara, na wengine wote akawapita akiwapigia honi. Tulifika mapema kila mahali, na kila mahali tulichukiwa.

Mwoga alishika minyororo. Tulikuwa na miguu mitatu mirefu ya chuma, tunaisimamisha juu ya kisima, tunaning'iniza mnyororo, tunavuta mabomba yaliyo chini ardhini. Bomba moja likiponyoka, aliye chini yake ni marehemu. Mwoga aliuchunguza mnyororo ule pingili kwa pingili akisoma dua, na hakuna aliyeruhusiwa kusogea mpaka atosheke, naye alikuwa mgumu wa kutosheka. Mgomvi alimtukana, Mwoga akatetemeka, lakini alitetemeka akiwa ameukumbatia mnyororo. Miaka yote ile hatukupoteza hata kidole.

Mvivu nilishindwa kumwelewa mpaka siku moja kule upande wa Elwak. Tulikuwa tukivuta mabomba kwa mikono, jasho likituingia machoni, naye amelala kwenye kivuli cha tairi. Akafumbua jicho moja akauliza yule ngamia mkubwa aliyesimama pale bure ni wa nani. Baada ya muda mfupi ngamia alikuwa amefungwa kamba, anatembea kuelekea kusini, na mabomba yanapanda yenyewe. Mvivu alikuwa amesharudi usingizini. Nilimweleza Nyapara kwamba kwetu Voi jambo hilo lingefanywa kwa kapi mbili na lingekuwa la haraka zaidi. Alinishika bega kwa upendo, akaenda moja kwa moja kuwasimulia wenzangu.

Jioni walikuwa wakisali, mimi nikiangalia injini, kisha tunakaa pamoja kwa chai ya maziwa ya ngamia na nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa kwa mafuta. Huo ndio wakati niliowaeleza makosa ya siku ile, mmoja mmoja, ili kesho wasiyarudie. Walinisikiliza kwa adabu ambayo hata mwalimu darasani haipati. Kisha nilikwenda kulala mapema chini ya lori, na nyuma yangu nikiwasikia wakianza kuzungumza, Mgomvi akimpiga Mwoga mgongoni, Mvivu akiamka kabisa, wote wakicheka mpaka wanakohoa. Kisomali changu kiliishia kwenye salamu, maji na spana, kwa hiyo sikufuatilia. Nililala nikifurahi kwamba nimo katika timu yenye mapenzi.

Yeye mwenyewe Nyapara alidai hana kasoro. Huyu ni mtu aliyelala nje pamoja na fisi bila kugeuka ubavu, lakini kuku akikatiza mbele yake alipanda juu ya kiti. Ukimuuliza mwendo uliobaki, alisema "hapo tu", ikawa ni siku nzima ya vumbi. Hakupenda kelele, na alimweka Mgomvi karibu yake kwenye lori. Nilimwambia siku moja kwamba kama hana kasoro basi yeye ndiye wa kuogopwa kuliko simba.

"Ndiyo," akasema bila kucheka. "Hata mimi naogoba mimi."

Halafu akaenda Makka kuhiji, akarudi mtu mwingine. Kwanza alirudi na saa mpya aliyoapa hataigusa, kwa sababu ilikuwa na majira ya Makka. Ukimuuliza saa, alikuambia kwa fahari, "Huko Makka ni saa tisa." Ukiangalia yako, na hapa Garissa ni saa tisa. Nilimweleza kwamba majira ya Makka na ya kwetu ni yale yale. Akasema mimi sijahiji, sitajua.

Lakini jambo zito ni kwamba alitubu juu ya timu. Alisema mtu aliyeligusa Jiwe Jeusi kule Makka hawezi tena kula riziki kwa matusi ya Mgomvi. Aliwalipa wale watatu, akawaombea dua, akawaacha waende. Mahali pao alileta watu watatu wema. Mmoja alikuwa mwadhini mwenye sauti tamu, huyo akapewa lori. Wa pili alisomesha watoto Kurani. Wa tatu aliuza asali, na mji mzima ulisema hajawahi kuichanganya na maji. Hakuwatilia chumvi. Alisema wema wao tu unatosha.

Mimi nilibakizwa. "Wewe baki, Fundi," aliniambia. "Wewe lazima baki." Unaweza kufikiria nilivyojisikia. Wote wenye kasoro wamefukuzwa, nimebaki na watu wa peponi. Nilimwandikia mke wangu Voi kwamba sitarudi mwaka ule, ninahitajika.

Kazi ya kwanza ya timu njema ilikuwa kisima kimoja mbele ya Dagahaley, katikati ya kiangazi kibaya. Tulitoka Garissa alfajiri tukiwa watu watano na mabomba yetu, minyororo na miguu ya chuma. Hatujafika mbali, mzee mwenye mbuzi wawili akapunga mkono. Mwadhini akasimama. Mbele kidogo, mama na watoto. Mwadhini akasimama. Kisha mwanamke mwenye kikapu cha kuku anaowapeleka kwa dada yake, naye kwa heshima akakaribishwa mbele, karibu na Nyapara. Nyapara alitoka kwa mlango wa pili lori likiwa bado linatembea, akapanda juu ya mizigo, akajifunika uso kwa kanzu, na hapo alibaki.

Mwisho tukamkuta bibi kizee amekaa kando ya barabara na akal yake imefungwa, ile nyumba ya miti na mikeka wanayohama nayo. Ngamia wake wa mizigo alikuwa amekufa. Wale wema walitazama lori, wakaona halina nafasi, wakatazamana.

"Ayeeyo hawezi kubaki hapa," alisema mwenye asali, akimwita bibi kwa Kisomali.

"Chuma haina njaa," alisema mwalimu wa Kurani. "Yeye nangoja tu."

Nikawaeleza kwa kirefu, kuanzia uzito wa lori mpaka kazi ya kila mguu wa chuma. Walinisikiliza mikono ikiwa vifuani, wakaniombea baraka kwa ushauri wangu, wakashusha miguu ya chuma na kuilaza kando ya njia. Mpita njia mmoja alijitolea kuilinda. Akal ikapakiwa, bibi akapakiwa, tukaondoka tukibarikiwa na kila mtu.

Tulipofika, mifugo ilikuwa imefunika ardhi yote. Mzee wa kisima alitazama watu wakishuka kwenye lori, mbuzi wakishuka, kuku wakishuka, nyumba nzima ikishuka.

"Warya!" akamwambia Nyapara. "Mimi naita mafundi, wewe naleta harusi?"

Nyapara akauliza miguu ya chuma iko wapi. Hapo Mgomvi angemlaumu Mwoga, Mwoga angemlaumu shetani, na ndani ya dakika chache tungejua la kufanya. Wale wema kila mmoja alijilaumu mwenyewe. Mwadhini alisema kosa ni lake kwa kusimama. Mwalimu akasema la, ni lake, na alieleza kosa hilo kuanzia nia yake ya asubuhi. Mwenye asali alilia. Waliombana msamaha, wakasameheana, wakaombana tena kwa kuchelewa kusameheana. Ilipokuja zamu ya kukata shauri nani arudi kuichukua miguu, kila mmoja alimpisha mwenzake atangulie, na jua likazidi kushuka.

Ngamia walikuwa wakilia sauti moja isiyokatika. Mama mmoja alimimina maji ya mwisho ya mtungi wake kwenye kinywa cha ndama wa ngamia, na ndama hakuyameza. Nyapara alisimama kando ya kisima, haji mzima, midomo ikimtetemeka kwa matusi asiyoweza tena kuyatoa. Kisha akalisimamisha lori lililokuwa likienda Garissa, akampa dereva ujumbe kwa Mgomvi.

"Mwambie yule mshenzi," alisema, "haji amekosa mtu wa kubigia yeye kelele."

Kesho yake, jua halijapanda sana, lori la kuazima liliingia kwa kasi, Mgomvi, Mwoga na Mvivu ndani yake, bila abiria mwingine hata mmoja. Miguu ya chuma, waliyoipakia njiani, ilikuwa nyuma. Mgomvi alianza kututukana kabla hajashuka, na wale wenye mifugo, waliokuwa karibu kutupiga, walimsikiliza kwa faraja. Mwoga aliushika mnyororo, akaukagua, akatoa ukelele: pingili moja ilikuwa na ufa, akaibadilisha. Mvivu aliwatazama ngamia wote wale akasema kwa uchovu kwamba hajaona haja ya mtu yeyote kuvuta chochote. Alasiri maji yalitoka. Wale wema walishukuru Mungu kwa dhati, na wala hawakuona aibu kuambiwa warudi mjini, kwa sababu walishajilaumu vya kutosha.

"Mimi nimetubu," Nyapara alituambia jioni ile. "Kisima hajatubu."

Baadaye zilikuja zile mvua kubwa za mwishoni mwa miaka ya tisini, barabara zikakatika, kazi zikaisha, na macho ya Nyapara yakaanza kuingia ukungu. Timu ikavunjika. Nilirudi Voi nikafungua gereji, na mafundi wangu kila mmoja nilimweleza makosa yake kila jioni, wakawa hawakai.

Siku moja msafiri aliniletea salamu: Nyapara anasema njoo, kuna kazi. Nilichukua sanduku la spana, nikavuka daraja la Tana nikiwa nimeshaichora injini hiyo akilini. Nilimkuta kwenye mkeka chumbani kwake, amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe kabisa. Nilitazama huku na huku.

"Injini iko wapi, Mzee?"

"Hakuna injini. Kaa, Fundi."

Akanieleza. Mgomvi, Mwoga na Mvivu wote walikuwa hapa hapa mjini, na hawasemezani. Hakuna aliyeiba wala aliyemdhuru mwenzake, walichukiana tu polepole baada ya kazi kuisha. Kila mmoja anakuja kumwona peke yake. Mmoja akiwakuta wenzake mlangoni, anageuka na kurudi.

"Mimi nakufa, Fundi. Hapana sema hapana. Jeneza nabebwa na watu wanne. Mwanangu ni mmoja. Wale watatu ni wangu, nataka wao. Lakini watu hawasemezani nabebaje mtu? Mmoja nakwenda huku, mmoja huku, mimi naanguka njiani mbele ya watu."

Nilimwambia nitawapatanisha. Nitawaeleza mmoja mmoja alipokosea.

Nyapara alifumba macho, na nikaona mabega yake yakitikisika. Nilidhani ni maumivu. Alikuwa akicheka.

"Wewe uliuliza mimi miaka yote kasoro yako ni gani," alisema. "Leo mimi nasema, kwa sababu nataka saidio. Fundi, wewe ulikuwa wa kusengenywa."

Sikuelewa, au nilielewa nikakataa.

"Mgomvi hapendi mtu. Mwoga naogoba watu. Mvivu hana haja ya mtu. Hawa nakaaje pamoja? Mimi nafikiri sana. Halafu wewe nakuja, nafundisha mimi kunywa chai yangu. Nikasema alhamdulillahi, huyu ndiyo. Kila jioni wewe nasema, nasema, halafu naenda kulala, na wao nakuwa ndugu. Mgomvi naigiza sauti yako, wallahi kama ni wewe. Na wale watu wema? Mimi naomba wao pale kisimani, nasema tafadhali, sengenyeni Fundi kidogo tu, timu inakufa. Wakasema haramu."

Nilikaa na sanduku langu la spana mapajani. Iliniuma, tena iliniuma sana, na sioni sababu ya kuficha. Nilimkatalia mke wangu kwa ajili ya kazi hiyo. Nilitaka kumweleza Nyapara kwamba hesabu yake ina kosa mahali fulani, nikafungua mdomo, nikaona anavyoningoja niseme, nikaufunga.

"Sasa nifanye nini?" nikamuuliza.

"Nimeita wao wote alasiri hii, kila mmoja nasema anakuja peke yake. Kaa, sema nao kama wewe. Halafu toka nje. Usirudi haraka."

Walikuja. Kila mmoja aliona wenzake, akataka kugeuka, akaniona mimi, akasimama. Walikaa kwenye pembe tatu za chumba wakitazama sakafu. Nami nikaanza. Niliwaambia kwamba mkeka wa mgonjwa haukutandikwa sawa, kwamba dirisha lile linaingiza vumbi, na kwamba kwetu Voi watu wazima hawanuniani mbele ya mgonjwa. Nilimwambia Mgomvi amenenepa, na nikamweleza sababu. Nilisema kwa muda mrefu, na ninaweza kusema kwamba sikuwahi kufanya kazi kwa bidii namna ile. Kisha nikajisingizia haja ya hewa, nikatoka.

Nilikaa barazani kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilifungua sanduku, nikazipanga spana kwa ukubwa wake. Kisha nikasikia Mvivu akisema neno moja kwa Kisomali, polepole. Mwoga akajibu. Halafu ikaja sauti ya Mgomvi, nene, ya haraka, ikipanda na kushuka vile ninavyopandisha na kushusha mimi, na chumba kizima kikapasuka kwa kicheko, Nyapara akikohoa katikati yao na kuwaomba waendelee. Nilijifuta macho kwa mkono.

Jirani mmoja alipita na mtungi wake wa maji, akaniona mgeni nimekaa peke yangu juani, sanduku la spana mbele yangu.

"Wewe nafanya nini hapa nje, walaal?" akauliza, akiniita ndugu. "Kwa nini huingii ndani kwa wenzako?"

"Niko kazini," nikamwambia.